Vuli Mlima Elgon: jinsi ya kufika Wagagai kwa upande wa Uganda

Kila ikifika Oktoba simu yangu huanza kulia. Leo ni shemeji wa Arusha, kesho mwenzangu niliyesoma naye Tanga, keshokutwa rafiki wa rafiki kutoka Nairobi. Amepata likizo, jiji limemchosha, amesikia naishi Mbale chini ya mlima, basi anataka kupanda. Wengine wameona picha za Ulaya za majira hayo, majani mekundu na hewa kavu ya baridi, na kwa kuwa kamusi zetu zimeyapa majira yale jina la vuli, wanadhani vuli ni vuli. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa: vuli ni mvua. Na huku Elgon hata hiyo mvua haina adabu ya pwani. Huanza Machi au Aprili, hulegea kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi na kwenda nayo mpaka Novemba. Ukavu wa kweli ni Desemba hadi Februari. Kama likizo yako inasogezeka, isogeze.

Kama haisogezeki, mlima unapandika hata Oktoba, ila kwa sharti moja: asubuhi ni yako, mchana ni wa mvua. Karibu kila ninachosema hapa chini kinatoka kwenye sharti hilo.

Kwanza, ujue ni mlima wa namna gani

Elgon ni volkano iliyokufa zamani sana, nusu Kenya nusu Uganda. Kilele chake kikubwa ni Wagagai, mita 4,321, nacho kiko Uganda. Watu wa Arusha wakisikia namba hiyo hucheka, kwa sababu hata Meru ni mrefu kuliko huo. Waache wacheke. Ukubwa wa Elgon uko kwenye kitako: kimekaa kama kilomita 80 kwa 50, na juu kuna shimo la volkano lenye upana wa karibu kilomita 8. Kwa hiyo kazi ya Elgon ni kutembea. Hakuna barafu wala kamba, hakuna mahali pa kuning'inia. Kuna msitu, mianzi, nyasi zilizoloa, na masaa mengi.

Wageni wangu wakishuka stendi ya Mbale hutazama ule ukuta wa mawe unaoning'inia juu ya mji, maporomoko ya maji yakiushukia kama nyuzi nyeupe, wakauliza, "Ndio huo?" Siyo. Huo ni Wanale, mkono mmoja tu wa mlima. Wagagai wenyewe uko nyuma huko, na siku nyingi za vuli hauonekani.

Kama ulikuwa unafikiria Rwenzori, iache kwa safari nyingine. Margherita ni mita 5,109, juu kuna barafu inayodai kamba na meno ya chuma kwenye buti, na matope yake yanakula wiki nzima. Mtu anayepanda kwa mara ya kwanza wakati wa mvua aanzie Elgon.

Pili, chagua njia kabla hujachagua tarehe

Upande wa Uganda kuna njia tatu zinazotumika sana, na zote hukutana kambi ya Mude Cave, kama mita 3,500.

Njia ya Sasa inaanzia Budadiri. Ndiyo fupi na ndiyo kali. Siku ya kwanza unatoka kwenye mita 1,250 hivi hadi kambi ya Sasa River iliyo karibu mita 2,900, na katikati kuna ukuta wa Mudangi unaopandwa kwa ngazi. Sipi inaanzia Kapkwai, juu ya maporomoko ya Sipi, ikapitia kambi ya Tutum Cave. Ni ndefu na mteremko wake ni wa taratibu. Piswa inaanzia Kapkwata, kaskazini, tayari juu ya mita 2,000, na ndiyo rafiki wa mapafu kuliko zote.

Ushauri wangu kwa Oktoba: panda kwa Sasa, shuka kwa Sipi. Sababu ni zile ngazi za Mudangi. Kuzipanda asubuhi zikiwa kavu ni jambo la kawaida tu. Kuzishuka alasiri, magoti yamechoka, maji yanatiririka kwenye vipandio, mimi sipendi na sioni aibu kusema. Isitoshe, kwa Sipi unamalizia mahali penye kitanda, kahawa na maporomoko ya mita karibu mia. Ila anayetoka Dar au Mombasa, aliyelala usawa wa bahari usiku wa juzi, apande kwa Piswa. Siku moja ya ziada itamgharimu kidogo kuliko kugeuka njiani.

Siku ngapi? Vitabu vya watalii husema nne kwa Sasa. Wakati wa vuli panga tano, na ukishuka kwa Sipi panga sita. Siku hiyo ya akiba usiiguse mpaka mlima ukulazimishe.

Tatu, mpaka, karatasi na pesa

Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani, maana kuna siku haiulizwi, na kuna siku wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Mabasi ya Nairobi kwenda Kampala hupita ama Busia ama Malaba. Wewe unataka la Malaba. Shuka mpakani au Tororo, uchukue gari la Mbale. Ukipanda la Busia utajikuta unaelekea Bugiri na mlima unaubakisha mgongoni. Anayetoka Kitale, hasa kama anakwenda Piswa, avukie Suam. Barabara hiyo inamfikisha Kapkwata na Kapchorwa bila kupitia Mbale kabisa.

Neno moja litakuchanganya: Uganda "taksi" ndiyo daladala, ndiyo matatu. Gari la kukodi peke yako linaitwa "speshali". Niliwahi kumwambia mgeni apande taksi kutoka Tororo, akakodi gari zima peke yake, akafika Mbale amenuna.

Kiswahili kitakufikisha. Madereva, askari na wafanyabiashara wa sokoni Mbale wanakielewa, na ukifika Kapchorwa Wasabiny wanakichapa vizuri, maana ndugu zao na masoko yao yako Kenya. Kwa Wagisu, wenyeji wa Mbale, jifunze salamu moja tu, *mulembe*. Mluhya anayesoma hapa anajua tayari na ataulizwa yeye ni mtoto wa nani.

Pesa ni shilingi ya Uganda. Badilisha mpakani kiasi cha nauli na chakula, kingine badilisha mjini. Kibali cha kuingia hifadhini kinatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo watu wote hapa huita UWA. Wana ofisi Mbale na Budadiri. Nenda mwenyewe siku moja kabla, uulize mambo matatu: malipo yanapokelewaje, njia gani imefunguliwa, na jana mvua ilinyesha saa ngapi. Viwango vya raia wa Afrika Mashariki ni vya chini sana kuliko vya mgeni wa Ulaya, lakini huvipati kwa kuongea Kiswahili. Ni kwa kuonyesha kitambulisho, kwa hiyo kiwe mfukoni.

Huruhusiwi kupanda peke yako. Utapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati na wawindaji haramu. Wapagazi si lazima, lakini wakati wa mvua chukua angalau mmoja. Mzigo uliolowa una uzito wa mizigo miwili.

Nne, begi

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi za vuli huharibikia.

Usilete jinzi. Usilete fulana za pamba ukidhani tatu zinatosha. Pamba ikilowa kwenye mita 3,500 haikauki mpaka urudi Mbale, na usiku pale kambini baridi hushuka hadi umande ugande. Nenda soko la mitumba, la kwenu au la Mbale, utafute nguo za michezo za kitambaa chepesi kisichonywa maji, sweta ya sufu, kofia ya mzula, glavu. Koti la mvua liwe la kweli. Lijaribu chini ya bomba la nyumbani dakika kumi. Likivuja bombani litavuja mlimani.

Viatu: leta buti zilizokwisha kukanyagwa, usije na mpya. Halafu nunua gambuti Mbale. Ndiyo, gambuti za mkulima. Tazama wapagazi wamevaa nini na wao ndio wanaopanda kila wiki. Kwenye msitu na mianzi matope hufika juu ya kifundo cha mguu, na pale buti ya bei kubwa hujaa kama kikombe. Vaa gambuti na soksi nene mpaka mianzi iishe, kisha badilisha.

Sasa ujanja nilioujifunza kwa mzee mmoja mpagazi wa Budadiri. Alikuwa akiniangalia nafungafunga begi langu kwa kifuniko chake cha mvua, kile cha rangi nzuri kilichokuja nalo. Akasema, "Mwanangu, hilo ni la kuzuia vumbi." Akaenda nyumbani akarudi na kiroba cha mbolea, kile chenye nailoni ngumu ndani. Akaivuta nailoni, akaiosha, akaitia ndani ya begi langu kama mto ndani ya foronya, akapanga nguo zangu humo, akausokota mdomo mara tatu na kuukunja chini. Begi lilinyeshewa siku mbili likawa zito kama maiti; nguo zilitoka zinanukia sabuni. Tangu siku hiyo kifuniko kile nakalia. Anayepitia Kenya akumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo kiroba kitafute ukishavuka.

Vilivyobaki ni haraka: mfuko wa kulalia wa baridi kali, hema kama hukodi, tochi ya kichwani na betri za akiba, kiberiti ndani ya chupa yenye kifuniko, vidonge vya kusafishia maji, plasta za malengelenge. Weka jozi moja ya nguo kavu ambazo ni za kulalia tu. Hata ukitetemeka, asubuhi zivue, uvae zile zilizolowa. Ni adhabu, lakini ukizilowesha hizo kavu huna pa kurudi usiku.

Chakula nunua soko la Mbale: mchele, unga wa posho (ndio ugali wetu), karanga za kusaga, mayai, majani ya chai, sukari, tangawizi nyingi. Ukibahatika kukuta *malewa*, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kula mjini yakiwa yamepikwa kwa karanga. Mlimani hayana muda wa kuiva.

Tano, siku zenyewe

Usiku wa kuamkia safari usilale Mbale, lala Budadiri. Uamke saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili na nusu uwe njiani. Mawingu hujikusanya kabla ya adhuhuri, na mara nyingi saa nane au tisa yanaachia. Ukiondoka saa tatu kwa sababu chai ilichelewa, mvua itakukuta Mudangi.

Siku ya kwanza utapita mashamba ya kahawa na migomba, watoto wakikusindikiza, kisha msitu, kisha ngazi, kisha mianzi. Mwendo uwe wa kuweza kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukifika Sasa River saa saba, jenga hema kwanza, chai baadaye.

Siku ya pili ni fupi, masaa matatu hadi matano hadi Mude. Msitu unaachia, inaanza miti ya ajabu: mirika mikubwa yenye ndevu za kijivu, na juu zaidi lobelia na zile senesio zinazosimama kama watu waliovaa makoti. Wengi hutaka kuunganisha siku hii na ya kwanza kwa kuwa ni fupi. Acha iwe fupi. Mchana panda kidogo juu ya kambi, kaa saa moja, rudi ulale chini.

Siku ya tatu ndiyo ya Wagagai. Kwenda na kurudi Mude ni masaa manane au tisa, kwa hiyo ondoka saa kumi na moja, giza bado lipo. Njia inapita karibu na kidimbwi cha Jackson, kisha unafuata ukingo. Kukiwa wazi, unaliona lile shimo lote chini yako, na ng'ambo ni Kenya. Usishawishike kuteremkia upande ule kwa vile "ni hapo tu." Kuvuka kwa miguu kunawezekana, lakini kunapangwa mapema na hifadhi zote mbili na uhamiaji.

Ile saa ya kugeuka muipange jioni ya kabla, na aseme askari, si wewe. Sisi huwa tunasema saa tano asubuhi: popote tulipo, tunageuka. Nilijifunza hilo na shemeji yangu, yule wa Arusha aliyekwisha kupanda Meru mara mbili. Tulichelewa kuondoka kwa sababu yangu mimi. Kiberiti changu kililowa na nikang'ang'ania chai. Saa sita kasoro tuko kwenye ukingo, kilele kimebaki kama dakika arobaini, ukungu ukaingia, halafu mvua ya mawe. Shemeji akasema tumalizie. Askari hakubishana naye. Alilitoa koti lake la mvua, akaifunika bunduki kwanza, kichwa chake baadaye, akakaa juu ya jiwe akielekeza uso tulikotoka. Tukarudi. Kesho yake tukapanda tena na saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa juu, jua linawaka. Ile siku ya akiba ndiyo iliyotupa Wagagai.

Siku zinazofuata ni za kushuka kwa Sipi, kupitia Tutum Cave hadi Kapkwai. Ni mwendo mrefu, na magoti ndiyo yanayolipa. Kata fimbo ya kutembelea kabla ya kuingia hifadhini, maana ndani hukati kitu.

Sita, mwili ukikataa

Kichwa kuuma kidogo pale Mude ni kawaida. Kunywa maji, pumzika, usipande zaidi mpaka kiache. Kikizidi, ukatapika, au hamu ya chakula ikatoka kabisa, unashuka siku hiyo. Na kuna dalili za kutosubiri hata asubuhi: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu. Mwambie mwenzako atembee hatua kumi kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, funga safari, shukeni na tochi. Dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko zipo. Ongea na daktari kabla ya kuondoka nyumbani.

Vuli ina adui mwingine ambaye watu wa joto hawamjui, nao ni ubaridi wa mwili. Mtu anatetemeka, halafu anaanza kuongea kwa kuburuta maneno, vidole vinashindwa kufunga zipu. Anayetetemeka akiacha kutetemeka bila kupata joto, hapo hali ni mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mwingize kwenye mfuko wa kulalia, chai ya sukari kama anaweza kumeza.

Saba, vijijini

Miteremko hii huporomoka. Machi 2010 udongo ulifunika kijiji cha Nametsi, Bududa. Oktoba 2018 Bududa tena. Novemba 2024 Bulambuli. Kwa hiyo mtu wa kijijini akikwambia usilale nyumba ile iliyo chini ya genge, au barabara ile usipite leo, usiulize mara mbili. Na usipige picha makovu ya mlima kama kivutio. Kuna waliozikwa humo.

Ukija mwaka unaogawanyika kwa mbili, utakuta msimu wa *imbalu*, tohara ya Wagisu, unaofunguliwa Agosti na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Vijana wamepakwa unga usoni, njuga mapajani, barabara nzima inacheza. Zima gari, subiri, furahi nao. Utani wa kutokutahiriwa uache nyumbani. Hapa si utani.

Malipo ya shukrani kwa wapagazi na askari wapeni mkononi, kila mtu chake, mbele ya wote, siku ya mwisho. Waganda husema "ya soda". Usiseme "chai".

Mwisho, Sipi

Ukifika Sipi umelowa, usikaushe buti kwa moto, gundi itaachia. Zijaze magazeti, uyabadilishe kila baada ya masaa mawili. Mama mwenye nyumba ya wageni atakukaangia kahawa kwenye sufuria, atwange, akupe nyeusi. Nguo zianike usiku chini ya paa, kwa kuwa mchana wa kesho utanyesha tena.

Asubuhi shuka Mbale mapema, uchukue gari la Tororo. Kaa upande wa kushoto. Kukiwa kumetakata utauona Wanale wote, na jirani yako kwenye kiti, akiwa mgeni, atauliza kama ndio huo.